Anwani ya Tovuti ya Chama: Nyumba Moja, Vyumba Vingi

Ndugu wafanyakazi,

Katika tawi moja tulibandika tangazo kwenye banda la kupimia chai. Chini yake tuliandika anwani ya tovuti, ili wachumaji wasome malipo mapya ya kila kilo. Anwani hiyo ilikuwa na jina la katibu wa wakati ule. Katibu alipoondoka, jina likabadilishwa, na tangazo likabaki ukutani likionyesha njia isiyofika popote. Msimamizi alipowapunja wachumaji, hawakuwa na cha kumwonyesha.

Basi sehemu za tovuti, yaani chai, sukari, viwanda na fomu, tuzipe anwani gani? Kuna njia tatu.

Ya kwanza, kila sehemu inunue jina lake. Kila jina hulipiwa kwa muda maalum. Likisahauliwa, mtu mwingine aweza kulichukua.

Ya pili, neno la sehemu litangulie jina kuu, litengwe kwa nukta. Ndivyo ilivyo Wikipedia ya Kiswahili: sw.wikipedia.org. Yafaa pale ambapo kila sehemu ina mafundi wake, au hata kompyuta yake. Lakini kila neno la mbele sharti liandikishwe katika orodha ya majina ya intaneti, liwe na cheti cha usalama, tena lilindwe. Tukiacha kompyuta ya kukodi bila kulifuta neno lake, tapeli aweza kupashika mahali pale na kusema kwa jina la chama.

Ya tatu, neno lifuate jina kuu, baada ya mshazari. Ndivyo ifanyavyo idhaa ya Kiswahili ya BBC: bbc.com/swahili. Jina ni moja, malipo ni mamoja, cheti ni kimoja. Mwanachama akikumbuka jina la chama tu, amefika mlangoni. Vyumba ataviona ndani.

Kwa chama chenye fundi mmoja na fedha kidogo, njia ya tatu ndiyo bora. Lakini tushike haya:

1. Neno liwe fupi, kwa herufi ndogo tupu: /chai, /fomu. Baada ya mshazari, kompyuta nyingi huhesabu herufi kubwa na ndogo kuwa tofauti.

2. Tusiweke jina la mtu wala la kamati. Watu huondoka, kazi hubaki. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa tovuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki.

3. Tukilazimika kubadilisha, anwani ya zamani impeleke msomaji kwenye mpya. Mafundi huiita 301, yaani kuhama kwa kudumu. Mwambieni fundi asiisahau.

4. Jina kuu liandikishwe kwa chama, si kwa katibu wala fundi.

Mwisho, jihadharini na wezi wa ada. Ukiacha mishazari miwili ya mwanzo, tazama maneno yaliyo mara kabla ya mshazari unaofuata: hapo ndipo penye mwenye nyumba. Jina la chama likitangulia, kisha likafuatwa na nukta na jina la mgeni, nyumba hiyo ni ya mgeni. Usilipe!

Ndugu, kabla ya kuchapa tangazo lijalo, kamati ya kila tawi ijaribu anwani kwenye simu ya mwanachama wa kawaida. Isipofunguka, tusiibandike.

Umoja ni nguvu!