Jina la Yorkshire, Babu wa Afrika Magharibi

Mwaka 2007 Turi King, Mark Jobling na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichapisha habari ya mwanamume mmoja ambaye kromosomu yake ya Y haikupaswa kuwepo pale ilipokutwa. Alikuwa Mwingereza mzawa, na jina lake la ukoo lilikuwa adimu, la mashariki ya Yorkshire, kaskazini mwa England. Hakuwa na habari ya babu yeyote aliyetoka ng'ambo. Hata hivyo kromosomu yake ilikuwa ya kundi A1, tawi la kale sana katika nasaba ya wanaume wote duniani. Kundi hilo lilikuwa limewahi kuonekana kwa watu wachache mno, wote wenye asili ya Afrika Magharibi. Ulaya Magharibi yote haikuwa imewahi kuripoti mtu hata mmoja wa kundi A.

Katika maabara, matokeo ya ajabu kama hayo kwanza hutiliwa shaka. Huenda vichupa vimebadilishana, au sampuli imechafuliwa. Lakini watafiti hawa walikuwa na njia ya pili ya kuhakiki: jina lenyewe. Waliwatafuta wanaume wengine wenye jina lile lile na kuwaomba sampuli. Wakapata 18. Saba kati yao walikuwa na kromosomu ya kundi A1.

Jina hilo halikuchapishwa katika makala yao, ili kuwalinda waliojitolea, nami sitalitaja hapa. Tunachokihitaji ni kujua kwa nini jina adimu la kijijini liliweza kufanya kazi ambayo jina kubwa kama Smith lisingeweza.

Kila mwanamume ana kromosomu Y moja, na ameirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Sehemu yake kubwa haichanganyiki na chochote kinachotoka upande wa mama. Kila inaponakiliwa, makosa madogo hutokea hapa na pale. Yako mabadiliko ya aina mbili yanayofaa sana kwa kazi hii. Baadhi ni adimu kiasi kwamba tunaweza kuamini yalitokea mara moja tu kwa mtu mmoja. Hayo ndiyo yanayotumiwa kuwagawa wanaume wa dunia katika makundi yenye majina ya herufi. Mengine yako katika sehemu ambapo herufi chache za DNA hujirudia, tuseme mara 12 kwa baba na mara 13 kwa mwana. Alama moja ya namna hiyo hubadilika, kwa wastani, mara moja katika vizazi mia tano hivi. Ukichukua alama nyingi kwa pamoja unapata saa ya kupimia vizazi. Wanaume wawili wenye alama zinazokaribiana sana wana babu wa karibu. Wanaoachana sana, babu yao ni wa kale.

Kwa desturi ya Kiingereza, jina la ukoo hupita njia hiyo hiyo ya baba kwa mwana. Haikuwa hivyo tangu zamani. Kabla ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066 watu wengi wa England walikuwa na jina moja tu. Majina ya kurithi yalianza kwa mabwana wenye ardhi, kisha yakateremka polepole hadi kwa wakulima na mafundi, na kufikia karne ya 15 yalikuwa yameenea sehemu kubwa ya nchi. Wengine walichukua jina la baba, wengine la kazi, wengine la mahali walipotoka, wengine la sifa ya mwili. Wahunzi walikuwa katika kila kijiji, kwa hiyo jina Smith, yaani mhunzi, lilizaliwa mara nyingi mahali pengi, na wenye jina hilo leo hawana babu mmoja wa kuwaunganisha. Jina lililotokana na kitongoji kidogo ni habari nyingine. Huenda lilianza na mtu mmoja tu.

Bahati nayo ina sehemu yake, na hapa hesabu inafurahisha kuliko mtu anavyotarajia. Mwaka 1873 mwanasayansi Francis Galton aliuliza katika jarida la Educational Times kwa nini majina ya koo mashuhuri huzimika kwa wingi. Mchungaji na mwanahisabati Henry Watson akamjibu, na jibu lake likawa chanzo cha tawi zima la nadharia ya uwezekano. Watson mwenyewe alihitimisha kimakosa kwamba kila jina litazimika siku moja, hata watu wakiongezeka. Wengine walikuja kusahihisha. Lakini msingi ulikuwa imara. Chukua wanaume 100, kila mmoja na jina lake, na useme kila mwanamume hupata mwana mmoja kwa wastani, wengine wakijaliwa watatu na wengine wasipate hata mmoja, kwa bahati tu. Majina 37 hivi yatapotea katika kizazi cha kwanza. Baada ya vizazi 10 yatakuwa yamepotea 84. Yale 16 yaliyobaki yatakuwa yamegawana wanaume wote waliopo. Hakuna aliyekuwa bora kuliko mwenzake. Mabinti tu walizaliwa nyumba hii na wavulana nyumba ile.

Weka juu ya hesabu hiyo tauni ya mwaka 1348 na 1349, iliyoua kati ya theluthi na nusu ya watu wa England wakati majina mengi yalikuwa bado machanga, nawe utaona kwa nini koo nyingi zilibaki na uzi mmoja. Hata pale jina lilipoanzishwa na watu watatu au wanne, mara nyingi mbegu ya mmoja wao ndiyo iliyoshinda.

Ramani zinaonyesha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mwaka 1890 Henry Brougham Guppy alitoa kitabu kuhusu makao ya majina ya Uingereza. Alihesabu wakulima peke yao, kwa sababu aliona hao ndio waliokuwa wameshikamana na ardhi kwa muda mrefu. Siku hizi watafiti hutumia sensa ya Uingereza ya mwaka 1881, iliyokwisha kuingizwa yote kwenye kompyuta. Ukiliweka jina adimu kwenye ramani ya sensa hiyo, mara nyingi unaona alama zimerundikana katika parokia chache zinazopakana, na nyingine mojamoja zimedondoka kuelekea miji ya viwanda. Watu walioa na kuolewa karibu na nyumbani. Reli zilikuwa zimewafikia, lakini wengi walikuwa hawajasafiri mbali.

Jaribio la kwanza maarufu la kuunganisha jina na kromosomu lilifanywa na Bryan Sykes wa Oxford, kwa jina lake mwenyewe. Jina Sykes limejaa upande wa magharibi wa Yorkshire, na kwa kuwa linatokana na neno la kale la kijito, ilidhaniwa lilianzishwa mara nyingi, kila penye kijito. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa karibu nusu ya wanaume waliopimwa walikuwa na kromosomu ya aina moja. Mwaka 2006 kundi la Leicester likapima jozi 150 za wanaume wenye majina sawa wasiojuana kuwa ndugu. Karibu robo ya jozi hizo zilionekana kuwa na babu mmoja wa karibu, na kwa majina yasiyo ya kawaida kiwango kilikaribia nusu. Baadaye walipochunguza majina 40 kwa undani, jina Attenborough, linalotokana na kijiji cha Nottinghamshire, lilikuwa na wanaume karibu tisa kati ya kumi wa mstari mmoja.

Sasa turudi kwa wale saba. Maabara peke yake isingeweza kueleza wanavyohusiana. Hapo walihitajika watu wa makaratasi. England ina rejesta za parokia tangu mwaka 1538, zenye ubatizo, ndoa na mazishi, na tangu mwaka 1837 serikali imeandikisha vizazi na vifo. Kwa kufuata cheti hadi cheti na rejesta hadi rejesta, wale saba waligawanyika katika koo mbili, kila moja ikiwa na babu aliyeishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Juu ya hapo karatasi hazikuziunganisha. Ndipo watafiti walipohesabu alama 77 za kromosomu zao. Tofauti zilikuwa chache, kiasi cha kuonyesha kwamba koo hizo mbili zinakutana vizazi vichache tu juu ya wale mababu wawili. Karatasi na DNA zilikamilishana, kila moja ikianzia pale nyingine ilipoishia.

Na wale 11 wa jina hilo hilo wasiokuwa na A1? Huenda jina lilikuwa na mwanzilishi zaidi ya mmoja. Huenda kijana alilelewa na mjomba akachukua jina lake, au msichana alizaa kabla ya ndoa na mtoto akabatizwa kwa jina la mama. Huenda mke alizaa nje ya ndoa na hakuna aliyejua, au aliyejua akanyamaza. Katika miaka mia sita au saba ni jambo la kawaida kabisa. Mimi naona 11 hao wanafundisha kama wale saba: jina hushika familia, na familia ni zaidi ya mbegu ya baba.

Babu wa Afrika Magharibi alifikaje Yorkshire? Milango iko mingi. Katika karne ya 3 Warumi waliweka kikosi cha Wamauri wa Afrika Kaskazini kwenye ngome ya Aballava, karibu na ukuta wao uitwao Ukuta wa Hadrian. Kaizari wa Roma Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alifia York mwaka 211. Katika jiji hilo hilo lilichimbuliwa mwaka 1901 kaburi la mwanamke tajiri wa karne ya 4, aliyezikwa na bangili za pembe za ndovu, na uchunguzi wa mifupa yake unaelekeza kwenye asili ya Afrika Kaskazini. Karne nyingi baadaye, Mwafrika John Blanke alipiga tarumbeta katika jumba la Henry VII na la Henry VIII, akilipwa mshahara. Kisha ikaja biashara ya utumwa ya Atlantiki. Ilileta Waafrika wa Magharibi hadi bandari za Uingereza na majumba ya matajiri, wengi wao wakibatizwa kwa majina ya Kiingereza. Kwa kuwa kromosomu hii inafanana na za Afrika Magharibi, mlango wa mwisho una nguvu zaidi kuliko wa Warumi.

Kisa hiki cha Yorkshire kinaitia shaka biashara moja iliyoshamiri: kuuza vipimo vinavyodai kumwambia mtu "asili" yake kwa kromosomu moja. Damu ya mmoja wa wale saba ikikutwa mahali pa uhalifu, mchunguzi asiye makini angeweza kutafuta Mwafrika, naye angemkosa mhusika. Rudi nyuma vizazi 10 na una nafasi za mababu na mabibi 1,024. Jina la ukoo linafuata mmoja tu kati yao, na kromosomu Y inamfuata huyo huyo. Yote mawili yanatuambia kweli, ila ni kweli ya mtu mmoja.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki ina mfano unaotazamana na huu. Nisba ya Shirazi, inayodai asili ya Uajemi, imebebwa na koo za Waswahili kwa karne nyingi, na wako wanazuoni walioiona ni ya kujitukuza tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wakitoka kwenye makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Chapurukha Kusimba, David Reich na Esther Brielle walikuwa miongoni mwa watafiti. Kromosomu Y za wanaume wengi wa pwani zilielekea Asia ya kusini magharibi, na asili ya Kiajemi ilionekana wazi, mchanganyiko ukianza karibu mwaka 1000. Nisba ilikuwa na kweli ndani yake. Lakini DNA ya mitokondria, inayopita kwa mama, ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na kwa jumla zaidi ya nusu ya urithi wa wengi wao ulitoka hasa kwa wanawake wa Kiafrika ambao nisba haikuwahi kuwataja. Yorkshire jina la wenyeji lilimficha mgeni. Kilwa jina la mgeni liliwafunika wenyeji.

Kufanya uchunguzi kama wa Leicester katika Afrika Mashariki kuna ugumu wake. Watanzania wengi hufuata jina la baba na la babu, hivyo jina la mwisho hubadilika baada ya kizazi au viwili, na mtafiti hana uzi wa kushika. Yako maeneo ya tofauti. Kilimanjaro majina ya koo hurithiwa na bado yana makao: ukisikia Shirima au Tarimo unawaza Rombo, ukisikia Lyimo au Mtui unawaza Marangu. Rejesta za misheni huko zina umri wa zaidi ya karne moja, na wazee wanaoweza kutaja mababu kwa mpangilio bado wapo. Anayetaka kuanza kazi hiyo aanze na wazee, kwa ridhaa yao, na aandike pia mama wa kila mtu alikotoka, kwa sababu jina halitamwambia.