Viatu Vifaavyo kwa Kupanda Miti kwa Vyuma

Mtu atokaye Kaloleni, katika mji wa Voi, akashika njia ya nyikani, hukuta mibuyu mikubwa na migunga mirefu. Miti hiyo imekuwa ghala la asali kwa vizazi vingi. Waata, waliosifiwa kwa kuwinda ndovu kwa upinde na mishale ya sumu, walikuwa pia warina asali hodari. Nao Wataita na Wakamba wametundika mizinga yao mitini tangu zamani. Siku hizi kuwinda wanyama wa porini hakuruhusiwi, kwa kuwa Serikali ya Kenya ilikupiga marufuku mwaka 1977. Tena ndani ya Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, mtu haruhusiwi kuingia kutafuta nyama wala asali. Lakini mwenye mizinga katika shamba lake bado hana budi kupanda mtini, na kila apandaye yampasa kufikiri atavaa nini miguuni.

Njia ya wazee ya kuupanda mbuyu ni kupigilia vigingi vya mti mgumu katika shina, kimoja juu ya kingine, na kukwea kama ngazi. Kwa kazi hiyo mguu mtupu ndio bora, kwa sababu vidole hushika kigingi na unyayo huhisi mapema kikianza kulegea. Mbuyu haufai kupandwa kwa njia nyingine ila hii au kwa ngazi, maana unene wake hauwezi kuzungukwa na mshipi wa mpandaji.

Ipo njia nyingine, nayo ni ya vyuma vyenye mwiba. Mafundi wa nguzo za simu na za umeme wamevitumia katika nchi nyingi, na huko Marekani wako wawindaji wavitumiao kupanda mtini ili kumvizia mnyama kutoka juu. Chuma chenyewe hupita upande wa ndani wa mguu, kutoka chini ya goti hadi kwenye unyayo. Hapo hupindwa kupita chini ya kiatu, mfano wa kikuku cha farasi. Mikanda miwili hukifunga, mmoja karibu na kifundo na mwingine chini ya goti. Mwiba mkali umeelekea chini, nao huchomwa katika gome kila hatua.

Watu wengi hudhani kwamba usalama wote umo katika ukali wa mwiba. Sivyo. Mwiba hukaa imara ikiwa tu magoti ya mpandaji yako mbali kidogo na shina. Akiyasogeza magoti karibu na mti, mwiba hulala, hukata gome na kuchomoka, naye huanguka. Na jambo limfanyalo mtu aukumbatie mti kwa magoti, mara nyingi, ni maumivu ya nyayo. Uzito wote wa mwili unakaa juu ya kipande chembamba cha chuma, katikati ya unyayo. Kiatu kikiwa laini, chuma hicho huuma, mguu hushikwa na ganzi, na mpandaji husahau namna ya kusimama. Basi kiatu kibaya ndicho chanzo cha mwiba kuchomoka.

Kwa hiyo ni vizuri kuangalia mambo manne wakati wa kununua. Kwanza, soli iwe ngumu katikati. Kikunje kiatu kwa mikono miwili: kikikunjika penye vidole tu, chafaa, kikikunjika katikati, kiache. Pili, kiwe na kisigino cha kutosha, ambacho upande wake wa mbele umesimama wima, ili chuma kisiteleze kwenda nyuma. Tatu, kiwe buti la ngozi nzito lipitalo kifundo cha mguu, ili mikanda isichubue ngozi. Nne, kifungwe kwa kamba hadi juu, na ncha za kamba zichomekwe ndani, zisije zikanaswa na mwiba wa mguu wa pili.

Viatu vingi vizuri kwa kazi nyingine havifai hapa. Akala za mpira wa gari huzuia miiba ya nyika, lakini hazina kisigino, na mguu huteleza ndani yake. Buti za mpira za mvua zina soli nyororo, na mguu hucheza ndani. Viatu vya safari vya ngozi laini ni vifupi mno. Buti za mitumba zaweza kufaa, lakini zitazamwe sana, kwa sababu soli iliyokaa miaka mingi huweza kumeguka ghafula. Kabla ya kuupanda mti, mtu avae buti lake, asimame juu ya ukingo wa ubao au wa jiwe, katikati ya unyayo, kwa muda wa dakika 5. Akiona maumivu chini, asidhani yatapungua akiwa juu.

Hata mwenye buti jema asipande kwa vyuma bila mshipi unaozunguka shina. Jambo hili ni zito zaidi kwa mrina asali, kwa kuwa hufanya kazi usiku, penye moshi, na nyuki wakimshambulia hutaka kushuka kwa haraka. Wakati huo ndipo mwiba hukosa gome, au huchoma mguu wa pili.

Tena ikumbukwe kwamba kila hatua ya chuma ni jeraha katika mti, nalo laweza kuingiza wadudu na maradhi. Ndiyo maana wataalamu wa miti huvitumia vyuma hivi kwa miti itakayokatwa tu. Mti ambao mtu atarina asali mwaka hata mwaka heri upandwe kwa ngazi. Na mzinga uliotundikwa chini kwa waya, usawa wa kifua, humwondolea mwenyewe haja ya kupanda kabisa.

Wazee walisema, mpanda ngazi hushuka. Achaguaye kiatu chake kwa uangalifu atashuka kwa miguu yake mwenyewe, na asali mkononi.