Mwonyi: Kichaka chenye kafuri kilichowapa riziki wakulima wa Kakamega

WAKAZI wengi wa Pwani huijua harufu ya kafuri kutokana na matayarisho ya maiti kabla ya mazishi. Kandokando ya msitu wa Kakamega, harufu iyo hiyo hutoka kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba ambacho wenyeji hukiita mwonyi.

Wataalamu huuita mmea huu Ocimum kilimandscharicum, jina linalotokana na Mlima Kilimanjaro. Ni wa jamii moja na mrehani, kivumbasi na nanaa. Hata hivyo, kinyume na mirehani inayokauka baada ya msimu mmoja, mwonyi huishi miaka kadhaa. Shina lake hukomaa likawa gumu kama mti, na kimo chake huweza kufikia mita mbili. Majani yake yana vinyweleo vinavyoyapa rangi ya kijivujivu, nayo maua yake hupendwa na nyuki.

Matumizi yake ya jadi ni mengi. Mwenye mafua hujifukiza kwa mvuke wa majani yaliyochemshwa. Jioni majani huchomwa ili kufukuza mbu, na baadhi ya wakulima huyachanganya na nafaka ghalani kuzuia fukusi.

Hapa tahadhari yahitajika. Kafuri ikimezwa ni sumu, na mtoto mdogo huweza kupatwa na degedege kwa kiasi kidogo tu. Kwa hivyo mtoto hapaswi kunyweshwa mafuta ya mwonyi wala kupakwa puani. Aidha, moshi wake haujachukua nafasi ya chandarua chenye dawa.

Kwa muda mrefu kafuri ilitoka kwa mti mwingine kabisa, unaomea Uchina, Japani na Taiwan. Vita vya Pili vya Dunia vilipovuruga biashara hiyo, India iligeukia kichaka hiki cha Afrika Mashariki. Ajabu ni kwamba kwao chenyewe kiliendelea kuhesabiwa na wengi kuwa magugu.

Mambo yalibadilika Kakamega pale wakulima wa kundi la Muliru, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, walipoanza kuupanda mmea huu mashambani mwao na kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub. Mwaka wa 2010 kundi hilo lilituzwa Tuzo ya Ikweta, inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Uamuzi wa kuupanda ndio uliokuwa na maana. Lau wangeuchuma porini pekee, soko lingeuangamiza mmea wenyewe, na msitu uliokwisha kuumizwa na wakata kuni na wachoma makaa ungepata adui mwingine.

Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huoteshwa kwanza kitaluni kabla ya miche kuhamishiwa shambani penye jua na udongo usiotuamisha maji. Vipandikizi vya matawi pia hushika. Wakati wa kuvuna, matawi hukatwa bila kung'oa shina, nalo huchipuka upya.

Majani hutiwa kwenye mtambo na kupitishiwa mvuke. Mvuke huo hubeba mafuta hadi kwenye bomba la kupoza, ambako hugeuka maji, na mafuta yakaelea juu. Yakipata baridi, chembe nyeupe za kafuri huweza kuganda ndani yake.