Opera Si ya Matajiri Peke Yao

Wengi hudhani kwamba opera ni anasa ya matajiri. Nami niliamini hivyo hadi nilipofika Vienna, nikapanga foleni ya tiketi za kusimama katika Jumba la Opera la Taifa. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1869, likateketezwa kwa mabomu 1945, likafunguliwa tena 1955.

Bei yangu ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya viti. Mwenyeji mmoja alinifunza desturi ya mahali pale: ukishafunga skafu yako kwenye chuma cha kuegemea, hapana atakayekunyang'anya nafasi.

Usiku ule iliimbwa Tosca, opera ya Puccini iliyochezwa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1900. Katika tendo la pili, Tosca anapomwuliza Mungu kwa nini amlipe mateso, mwimbaji aliishusha sauti ikawa kama mnong'ono. Hakuwa na kipaza sauti, lakini ilitufikia sisi wa nyuma kabisa. Kando yangu mwanafunzi mmoja alikuwa akifuata nota kwa kidole, kidole kikasimama.

Miguu iliniuma, lakini swali moja liliniuma zaidi. Je, ni wanafunzi wetu wangapi husoma tamthilia kwa ajili ya mtihani bila kuiona ikichezwa jukwaani? Hatuhitaji jumba la marumaru. Wenye kumbi wakiwatengea wanafunzi safu mbili za nyuma, kwa bei ya nauli ya matatu, zitatosha. Sanaa haifi kwa kukosa viti vya fahari. Hufa kwa kukosa warithi.