Je, Wajua? Upara wa Kwarara Mweupe

Kwarara mweupe haanguliwi na upara. Kinda lake lina manyoya kichwani na shingoni. Akikomaa hupukutika yote, ibaki ngozi nyeusi tupu. Mdomo wake umepinda kama mundu, nao huupekecha topeni, akipapasa wadudu, konokono na kaa asiowaona. Utamkuta kando ya Ziwa Victoria, kwenye mashamba ya mpunga, hata majalalani. Hujenga matago kwa makundi, mara nyingi mitini.

Wamisri wa kale walimhusisha na mungu Thoth. Walikausha miili ya kwarara, wakaifunga vitambaa vya kitani na kuizika kwa mamilioni katika maeneo mbalimbali ya Misri, Saqqara ikiwemo. Inasikitisha kwamba Misri hiyohiyo ilimpoteza katika karne ya 19.