MICHEZO YA KUZOEZA UBONGO

Watazame wazee wawili wanaocheza bao barazani. Mbele yao pana mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hodari huutazama ubao kidogo tu, naye hujua kete zake zitaishia wapi. Watu humsifu wakisema, "Huyu ana akili!" Je, ustadi huo wa bao utamwezesha pia kukumbuka majina ya watu, au kufanya hesabu upesi?

Siku hizi swali hili lina maana kubwa. Katika simu na kompyuta imo michezo inayoitwa mazoezi ya ubongo. Baadhi ya wauzaji hudai kwamba ukiicheza kila siku, akili yako itakuwa kali katika mambo yote. Kama madai hayo ni ya kweli, yafaa kila mwanafunzi acheze. Kama si ya kweli, mwanafunzi atapoteza fedha na saa zake za kusoma. Mwanasayansi hakubali wala hakatai kabla ya kupima. Basi, na tupime.

Jaribio

Kaa na rafiki yako. Mwambie akusomee tarakimu tano, moja kila sekunde, kwa mfano 7, 2, 9, 4, 1. Zitaje kwa mpangilio uleule bila kuziandika. Ukifaulu, aongeze tarakimu moja. Endeleeni hivyo mpaka utakaposhindwa, kisha andika katika daftari idadi kubwa kuliko zote uliyoweza kuikumbuka. Sasa fanyeni vivyo hivyo kwa herufi, kama K, T, M, B, S. Baada ya hapo, fanya mazoezi ya tarakimu peke yake kila siku kwa majuma mawili. Siku ya mwisho jipime tena kwa tarakimu na kwa herufi. Je, ni idadi ipi iliyoongezeka zaidi?

Kijana aliyekumbuka tarakimu 79

Wataalamu wa Marekani walifanya jaribio kama hilo kwa muda mrefu zaidi, wakaandika matokeo yake mwaka 1980. Kijana mmoja wa chuo kikuu alianza kwa kukumbuka tarakimu 7. Alifanya mazoezi kwa saa zaidi ya 230, hata akaweza kukumbuka tarakimu 79! Lakini aliposomewa herufi, alikumbuka herufi 6 hivi tu.

Kwa nini? Kijana huyo alikuwa mkimbiaji. Alizigawa tarakimu katika mafungu madogo, akayafananisha na muda wa mbio. Kwa mfano, 3, 4, 9, 2 kwake zilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda uliokaribia rekodi ya dunia ya mbio za maili moja. Njia hiyo haikuweza kumsaidia kwa herufi. Basi hakupata kumbukumbu kubwa ya kila kitu. Alipata ustadi wa kukumbuka tarakimu.

Uchunguzi wa watu wengi

Mtu mmoja hatoshi kuthibitisha jambo. Mwaka 2010 wataalamu wa Uingereza walitangaza uchunguzi wa watu wazima 11,430, waliogawanywa katika makundi matatu. Makundi mawili yalicheza michezo ya kuzoeza ubongo katika kompyuta kwa majuma 6. Kundi la tatu halikucheza, bali lilitafuta majibu ya maswali mbalimbali katika intaneti. Waliocheza waliendelea vizuri katika michezo yao. Lakini walipopewa kazi nyingine za akili wasizozizoea, hawakuonyesha kwamba mazoezi yao yamewafaidia.

Mwaka 2016 kampuni moja ya Marekani iliyouza michezo hiyo ilishtakiwa na tume ya serikali kwa kutangaza faida isizoweza kuzithibitisha. Ikakubali kulipa dola milioni 2.

Je, michezo haina faida?

La, michezo ina faida, lakini ni lazima kuichagua. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani waliwapa watoto wadogo mchezo wa kusogeza kete katika mstari wa vyumba vyenye namba 1 hadi 10. Kila mtoto alitaja namba za vyumba alivyopita. Watoto wengine walicheza mchezo kama huo, lakini vyumba vyao vilikuwa na rangi badala ya namba. Kila mtoto alicheza mara 4 tu, dakika 15 hivi kila mara. Waliocheza na namba walizifahamu namba vizuri zaidi kuliko mwanzo; waliocheza na rangi hawakuendelea hivyo.

Hapa tunajifunza kwamba mchezo hufundisha kile kilichomo ndani yake. Ukitaka kujua kugawanya, chagua mchezo usioweza kuushinda bila kugawanya. Ukitaka kusoma vizuri, soma. Bao nalo licheze kwa furaha, nawe utakuwa hodari wa bao.

Maswali

1. Kwa nini kijana aliyekumbuka tarakimu 79 alikumbuka herufi chache?
2. Kundi la tatu katika uchunguzi wa Uingereza lilikuwa na kazi gani?
3. Muuzaji akikuambia kwamba mchezo wake utakuongezea akili, utamwuliza nini?
4. Tunga mchezo wa kujifunzia majina ya sehemu za ua. Eleza jinsi utakavyopima kama unafundisha.