Siku ya Tatu Usimpe Jembe

Simu huja katika wiki ya tatu. Mtu aliyemchukua mbwa Jumamosi ile kwa furaha, akapiga naye picha getini, sasa anaongea kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Mbwa mliyenipa alikuwa mpole. Sasa amebadilika. Anabweka usiku, jana ametafuna kiatu, leo asubuhi amemngurumia mtoto. Naomba mje mmchukue."

Simu za namna hii nimezipokea miaka yote niliyojitolea katika kituo cha wanyama jijini Nairobi, na jibu langu karibu kila mara ni lile lile. Mbwa wako hajabadilika. Ndiyo kwanza anafika.

Sura hii inamhusu mbwa aliyekomaa, wa miaka miwili, mitano, hata tisa, anayetoka katika kituo kama kile cha KSPCA pale Karen na kuingia nyumbani kwako. Watu wengi wakifika vituoni huenda moja kwa moja kwenye banda la watoto wa mbwa. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na huyu mkubwa ameshakauka. Moyo wake umebaki kwa bwana wake wa kwanza. Mwaka 2001 Márta Gácsi na wenzake huko Hungary walichapisha utafiti ambao ungepaswa kuizika imani hiyo. Waliwaendea mbwa wakubwa walioishi vituoni bila mtu wa kuwashughulikia kwa karibu, na baadhi yao wakawapa dakika kumi za kuwa na mtu mmoja: kuguswa, kusemeshwa, kuchezeshwa kidogo. Kesho yake dakika kumi nyingine, na kesho kutwa kumi tena. Nusu saa kwa jumla. Kisha kila mbwa akaingizwa katika chumba kigeni, mtu wake akitoka na kurudi, na mtu asiyemjua naye akitoka na kurudi, kama wataalamu wa malezi wanavyofanya kwa watoto wachanga na mama zao. Nusu saa ile ilikuwa imetosha. Mbwa waliopewa mtu walionyesha dalili za kumshika kama mtu wao: kumtafuta akitoka, kumlaki akirudi.

Kwa hiyo kupendwa hakuna kazi. Mbwa wa kituoni atakupenda kabla hujamaliza mfuko wa kwanza wa chakula. Kazi ni kumfanya apaamini mahali, na hilo huenda kwa mwendo wa kinyonga. Nyumba nyingi hukosea hapa hapa: zinaona mbwa anamfuata mtu wake jikoni na chooni, zinadhani ameshazoea, zinamwitia wageni.

Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake walipima damu ya mbwa katika kituo kimoja huko Ohio, Marekani, wakitafuta kotisoli, homoni ambayo mwili huimwaga unapokuwa katika hofu au taabu. Mbwa waliokuwa katika siku tatu za mwanzo walikuwa nayo nyingi kuliko wale waliokaa zaidi ya wiki. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake wakaeleza jinsi walivyowatoa mbwa wa vituo vitano vya Marekani wakalale majumbani kwa watu usiku mmoja au miwili. Kotisoli ikashuka, na mbwa waliporudishwa kituoni ikapanda tena hadi ilipokuwa. Mimi nayasoma mambo haya mawili kwa pamoja. Mwili wa mbwa hutambua upesi kwamba nyumbani ni bora kuliko bandani, lakini kila kuhamishwa humtikisa, na yeye hajui kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Hakuna lugha ya kumwambia.

Ndiyo maana siku za mwanzo huwa mpole. Amejikunja, kama mtoto aliyepelekwa likizo kwa shangazi asiyemfahamu, ambaye kila sahani ikiletwa anasema ameshiba. Anapiga miayo asiye na usingizi, analamba midomo pasipo chakula, anageuza uso ukimtazama, weupe wa jicho ukionekana pembeni. Mkia unaweza hata kutikisika. Mkia unaotikisika chini chini, karibu na miguu, ni mkia wa mbwa anayeomba asiumizwe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa, siku ya tatu ndiyo anaanza kupumua. Waliozoea kazi hii huhesabu siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu hadi ajione wa pale. Si sheria, nimeona wa wiki moja na nimeona wa mwaka. Na jembe la mbwa katika nchi zetu ni ulinzi. Tunamleta mchana, jioni tunamfungulia uwanja, na usiku huo huo tunataka amkabili mwizi. Mbwa hulinda kilicho chake, na usiku wa kwanza hana chake pale hata kimoja. Atakapobweka kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kifua, mtu akipita nje ya ukuta, ujue ameanza kusema kwamba hapa ni kwetu. Aliyenipigia simu kulalamikia kelele za usiku alikuwa ananiletea habari njema bila kujua.

Basi siku ya kwanza fanya machache. Muombe mtunzaji wa kituo kipande cha blanketi alilolalia, na usilifue. Pua yake humweleza zaidi ya macho, na harufu ile ndiyo kitu pekee anachokifahamu katika ulimwengu uliogeuka asubuhi moja. Mwingize akiwa kwenye kamba, mzungushe uwanja taratibu, msubiri akojoe pale unapotaka awe anakojoa, kisha mpeleke kwenye pembe yake. Nasema pembe kwa makusudi: ukuta nyuma, ukuta ubavuni, mlango anauona. Usimfunge mnyororo, kwa sababu mbwa asiyeweza kurudi nyuma hana njia isipokuwa kuuma. Usimwogeshe, hata akinuka. Majirani waje wiki ijayo. Akikataa kula siku nzima usihangaike, maji yawepo tu. Na chakula kiwe kile kile alichokula kituoni kwa siku kadhaa, kisha uchanganye kidogo kidogo na cha kwako. Ugali na dagaa ni chakula kizuri kama dagaa wameoshwa chumvi na sufuria haikutiwa kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe mbali. Hupasuka vijiti vyenye ncha.

Geti ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mbwa akichomoka wiki ya kwanza hana pa kurudi, kwa sababu hajui kwamba nyumba yako ni kwake. Mweleze askari, mweleze dada, mweleze kila mtoto: geti halifunguliwi mpaka mtu amemshika mbwa. Akipotea msimfukuze mbio wala msiite kwa makelele. Lipelekeni blanketi lile pale alipoonekana mara ya mwisho, pamoja na chakula, na mtu mmoja akae chini na kungoja.

Acha nieleze kuhusu Dengu, ili haya yasibaki maneno matupu. Dengu ni jike niliyemchukua mwenyewe, wa rangi ya jina lake, miaka minne hivi kwa hesabu ya daktari wa mifugo aliyemtazama meno. Aliokotwa karibu na soko. Siku za mwanzo alilala kifudifudi, kidevu juu ya miguu, uso getini, sikio moja limesimama usiku kucha. Siku ya nne niliinama kufunga kamba za kiatu. Alikimbia hadi nyuma ya tangi la maji, akajibanza pale akitetemeka, na chini yake pakalowa.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Sote tunajua jinsi ya kumfukuza mbwa wa njiani: huna haja ya jiwe, unainama tu kana kwamba unaokota. Wengi wetu tulijifunza hilo kabla ya kujua kusoma. Dengu naye alikuwa amejifunza, kutoka upande wa pili wa somo.

Sikumfuata nyuma ya tangi. Kesho yake nikatia dagaa mfukoni. Nilisimama mbali naye, hatua kumi na tano hivi, nikainama kidogo sana, nusu ya kuinama, nikaangusha dagaa mmoja chini na kuondoka bila kumtazama. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Mwanzo aliwala nilipokwisha kuingia ndani. Baada ya wiki alikuwa anangoja niende hatua chache. Nikasogea karibu, nikainama zaidi; siku moja nilisogea haraka mno, akakimbia tena, ikabidi nirudi hatua kumi na tano na kuanza upya. Wiki ya tano niliinama kufunga kiatu kwa kweli, sikuwa na dagaa hata mmoja, nikahisi pua yenye ubaridi inanusa kiganja changu. Kinachotendeka hapo ni kwamba ishara ile ile iliyokuwa ikitangulia jiwe sasa inatangulia chakula, mara nyingi, bila kukosa, hadi mwili wake ukaanza kutarajia kingine. Kumvuta kwa kamba ili "azoee" kungeithibitisha ile hofu. Kwa kila mbwa mkubwa kuna jiwe lake. Wa mwingine ni fimbo ya mzee, au sare ya askari, au mlio wa bodaboda. Utaliona katika wiki za mwanzo ukitazama vizuri, na ukiliona umeshapata nusu ya dawa.

Narudi kwa yule mtoto aliyengurumiwa. Nilipouliza, nikaambiwa mbwa alikuwa anakula, na mtoto akaenda kumkumbatia. Baba alikuwa ameshampiga mbwa kandambili ili aache kunguruma. Hili nalisema kwa uzito wote nilio nao: usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayeonya ni mbwa anayejizuia. Ukimfundisha kunyamaza, hofu inabaki, onyo linaondoka, na siku moja meno yatakuja bila taarifa. Aliyekula jalalani akigombania kila tonge haoni mkono unaokuja kwenye bakuli isipokuwa kama mwizi. Mwache ale peke yake, watoto wakae mbali. Wewe mtu mzima pita mbali kidogo, rusha kipande cha nyama kuelekea bakuli, endelea na safari yako. Baada ya siku nyingi za kupita hivyo atainua kichwa kukutazama kwa matumaini. Familia ile ilikubali kujaribu. Mbwa yuko kwao hadi leo.

Kuhusu tiba nitasema machache, yana sura yake. Mbwa apelekwe kwa daktari wiki ya kwanza au ya pili kwa ajili ya minyoo, kupe na homa zake, na cheti cha chanjo kisomwe. Kama tarehe hazieleweki, achanjwe tena. Chanjo ya kichaa ikirudiwa haimdhuru. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, walio wengi Afrika na Asia. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama mbwa anaonekana mzima.

Kwa ndugu zangu wa Pwani, na popote penye majirani Waislamu, liko jambo la heshima linalostahili kupangwa mapema. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, walio wengi katika mwambao wetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana rai tofauti. Mbwa wa kulinda na wa kuwinda wana ruhusa yao. Banda liwe mbali na mahali pa kuswalia, vyombo vyake visichanganywe na vya nyumba, na njia ya jirani aendaye msikitini isipite mbele ya kamba yake. Nimeona mbwa wakiishi miaka mingi kwa amani katika mitaa ambayo watu walidhani haiwezekani, kwa sababu mwenye mbwa alikwenda kubisha hodi kwanza.

La mwisho ni kuachwa peke yake. Lile pendo la nusu saa lina gharama: mbwa aliyekwisha kupoteza watu mara moja hukushika kama kupe. Ukikaa naye likizo nzima kisha ukaenda kazini Jumatatu saa kumi na mbili alfajiri, atalia hadi majirani wakuchukie, na mlango utakwanguliwa. Anza siku ya pili. Toka nje ya geti dakika mbili, rudi, usimpigie shangwe. Kumi, kisha ishirini, kisha saa. Muachie kitu cha kutafuna. Anachojifunza ni kwamba geti linalokumeza hukurudisha.

Siku ya 41, mchana, nilimkuta Dengu katikati ya uwanja, si penye ukuta, amelala ubavu, miguu imenyooshwa, tumbo liko nje kwenye jua. Muuza maziwa alipita na pikipiki yake. Dengu alifumbua jicho moja, akalitazama geti, akalifumba.